Matela Iko Wapi?

Yaya wangu, kaka mkubwa wa nyumba yetu,

Jana umeme ulirudi, na binamu zetu wakaweka filamu ya vita. Risasi ya kwanza ikalia, na mzungu mmoja akakimbilia dirishani kuchungulia. Nikasikia sauti yako kabisa: "Huyu si mutu wa Goma. Mutu wa Goma analala chini ku koridori." Nilitoka nje nikakaa juu ya mawe meusi mpaka filamu ikaisha.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama. Katika ukumbi wako wa video pale Katindo, ng'ambo ya ukuta wa kambi, ulishika mikro, kile kipaza sauti chako cha waya, ukageuza Kifaransa cha filamu kuwa Kiswahili chetu, na maneno mengine ukayatunga mwenyewe. Wanajeshi waliotoka kambini hawakutaka vita. Walitaka drama, zile za mapenzi na mama wakwe wabaya, na nilimwona mmoja akijifuta machozi kwa kofia yake. Wewe drama ulizidharau. Ulisema humo mtu hafi, anapotea tu, halafu siku ya harusi anaingia mlangoni amenenepa. Mimi nilizipenda kwa sababu hiyohiyo, na tulibishana mpaka mama akatufukuza jikoni.

Lakini kosa ulilolichukia kuliko yote lilikuwa la filamu za vita. Mji unateketea, watu wanakimbia, na hakuna hata mmoja aliyebeba godoro kichwani. Sisi tumekimbia mara ngapi, vita au volkano, na mara zote barabara imejaa magodoro yanayotembea? Ulisimamisha filamu ukauliza ukumbi mzima: "Banakimbia muzuri. Sasa matela iko wapi?" Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Likawa neno la nyumbani. Mtu akirudi sokoni amesahau chumvi, anaulizwa matela iko wapi.

Siku mapigano yalipoingia mjini tulitoka Katindo asubuhi mikono mitupu, wewe, mimi na mama, tukafika kwa mama mkubwa huku Mapendo. Mama aliketi sakafuni, kwenye simenti tupu, ameshika kiuno chake kinachomuuma. Nilitaka acheke kidogo. Nikasema: "Tumefika. Na matela iko wapi?"

Alicheka, yaya. Wewe pia ulicheka. Halafu ukamtazama mama, ukaitazama ile simenti, ukakaza kamba za viatu.

"Minaenda na kurudia sasa hivi," ulisema.

Milio ilikuwa imetulia. Nilidhani bado tunataniana.

Hukurudi. Nilikutafuta hospitalini na mochari, nikafunua shuka za watu wasio wangu. Wengi walizikwa haraka, bila majina.

Mama anaamini ulifuata mashine zako za sinema. "Filamu ndiyo ilinikulia mutoto," anawaambia wanaokuja kutupa pole. Diski zako zilizokuwa zimebaki ukumbini alizichoma zote, na mimi ndiye niliyemshikia kiberiti.

Wiki ileile jirani yetu wa Katindo alileta godoro letu, lile la maua mekundu. Aliniambia langoni kwamba hakulitoa nyumbani, aliliokota njiani, karibu kabisa na hapa. Lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa waya ya mikro yako. Niliifungua waya kabla mama hajatoka, nikaificha. Kona moja niliisugua kwa sabuni mpaka maua yakapauka. Sasa mama analalia godoro hilo, akidhani jirani alilitoa chumbani mwetu, na anamwombea baraka.

Zile filamu zako za sayansi, za watu wanaorudi nyakati zilizopita kwa mashine, nilikuwa naziita upuuzi. Nawe ulizipenda, ila ulikuwa na lawama moja: kwa nini wanarudi kuokoa dunia nzima? Mtu wa kawaida, ulisema, angerudi kwa jambo dogo. Nilikucheka. Sasa ningerudi kwenye ile simenti, dakika moja tu, nikanyamaza. Na drama nimeziacha kabisa. Lango likigongwa nakimbilia kufungua, kisha anaingia mtu mwingine.

Ninajichukia, yaya. Nimechoka kuziachia filamu zako zibebe kosa langu. Mama anakulilia huku akikukasirikia, kana kwamba ulichagua mashine ukamwacha yeye, kumbe ulikuwa njiani kumletea mahali pa kulala. Umbali uliobaki ni wa kutembea huku unapiga mluzi.

Barua hii sina pa kuipeleka. Kwa hiyo mama akiamka nitamsomea yeye, nimwekee ile waya mkononi. Akinifukuza, nitakwenda. Akiniruhusu kubaki, simenti ni yangu kulalia.

Pumzika popote walipokulaza. Natumaini walikutandikia kitu.

Mdogo wako,
aliyeuliza