Usihesabu Kama Nilivyokufundisha

Karakana ya Idara,
Jumanne mchana.

Mdogo wangu Sisimizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umesimama kwa miguu yako miwili na si kwenye usukani. Kama uko kwenye usukani, zima injini kwanza ndipo uendelee kusoma. Sisi huku miili yetu ni mizima. Goti la mama limetulia tangu baridi ilipopungua, na sasa anapanda ngazi za nyumbani bila kumlaumu aliyezijenga, ambaye kama ujuavyo ni marehemu baba. Anakusalimu sana. Jana jioni aliniuliza kama umeandika, nikamwambia bado, kumbe barua yako ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu na nilikwisha kuisoma mara nne.

Sikumsomea kwa sababu naogopa. Naogopa tangu Jumamosi, na tangu barua yako ifike naogopa zaidi. Najua Alhamisi ni siku yako ya kuwateremsha akina mama wanaokaribia kujifungua, na umeniandikia kwamba wiki hii ni watatu. Nakuomba, Alhamisi hii usiteremke na gari lako. Sababu nitakueleza, lakini nivumilie, maana ni ndefu na mimi mwenyewe hainipendezi. Isome yote kabla hujaniita mwoga.

Unakumbuka gari lako lilivyochaguliwa, maana ulikuwa ukijisifu mtaa mzima kwamba kaka yako ndiye aliyelichagua. Idara ilitaka pikapu kumi na nne za dizeli kwa ajili ya zahanati za milimani, na mkuu wa karakana hakutaka kusikia habari za karatasi za wauzaji. Alisema karatasi haipandi mlima. Akaomba pikapu mbili za kujaribiwa, moja kutoka kila kampuni, zote za otomatiki, akatupa mimi na dereva mwenzangu Kamusi miezi minane, barabara ile ile, mifuko kumi na sita ya mchanga kila gari, kupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Alichotaka kujua ni kimoja tu: giaboksi ipi itakufa kwanza.

La Kamusi lilikuwa la kijivu, gia sita, tukaliita Punda. Kila likibadili gia kidevu kinagonga kifua. Linakunywa dizeli bila haya, na kelele zake zinamtangulia dereva nyumbani. Langu lilikuwa jeupe, gia nane, Bibi Harusi, na hilo lilibadili gia hata maji kwenye kikombe yasijue. Siku ya kwanza nililishuka nikasema mbele ya mafundi wote kwamba Bibi Harusi ndiye atakayemzika Punda. Kamusi, ambaye ana neno kwa kila jambo, alisema kwamba punda hufa amesimama. Katikati ya jaribio akashauri tubadilishane magari kwa mwezi mmoja ili kipimo kiwe cha haki. Nilikataa kama mtu aliyeombwa kuazima mswaki wake.

Kipimo chenyewe unakijua, maana nilikufundisha. Asubuhi gari likiwa baridi, mguu kwenye breki, unatoa gia kwenye P ya kuegesha unaitia kwenye D ya kwenda, halafu unahesabu mpaka gari lishtuke kidogo, ndiyo giaboksi imeshika. Likishtuka kwenye moja, ni zima. Kwenye mbili, liangalie. Kwenye tatu, lipeleke kwa fundi wala usilitoe nje ya geti. Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie saa, na mkuu akamjibu kwamba mkono mmoja uko kwenye gia, mguu kwenye breki, macho kwenye mshale wa injini, sasa saa ataishika kwa meno? Wote tukacheka, tukahesabu kwa mdomo.

Bibi Harusi alimaliza miezi minane na daftari lake lina moja kila asubuhi. Daftari la Punda lilikuwa na asubuhi sita hivi zenye mbili. Idara ikanunua ndugu zake Bibi Harusi kumi na nne, mimi nikafanywa mkufunzi wa madereva, na wewe ukawa dereva mwanamke wa kwanza wa zahanati. Siku ile mama alivaa kitenge chake cha wageni akaja kusimama getini kukutazama ukitoka na gari. Nami nilisimama pembeni yake nimevimba kama aliyekuzaa.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Unamkumbuka Mrefu, yule uliyekaa naye dawati moja kwenye mafunzo, aliyekuwa akigonga kichwa kila akiingia garini? Siku kumi na mbili zilizopita alikuwa akipanda na shehena ya mabati. Kwenye mwinuko wa mwisho injini ikanguruma kwa nguvu zote na gari halikuvuta. Likaanza kurudi nyuma. Alikanyaga breki, lakini kwa mzigo ule na utelezi ule lilimburuta hadi likajigonga kwenye kingo za mlima. Upande wa pili wa barabara, Sisimizi, hakuna kingo. Amevunjika mguu na mfupa wa bega. Ofisi ikatazama daftari lake, ikaona moja, moja, moja kila asubuhi, ikaandika kwamba gari lilikuwa zima na kosa ni la dereva.

Jumamosi nilikwenda kumtazama wodini. Nilimpelekea machungwa na maneno ya kumfariji, na moyoni, nakiri, nilikuwa nimekwisha kukubaliana na ofisi. Mrefu alilia. Si kwa maumivu, alilia kwa kuitwa mzembe. Akaapa kwamba alipima kila asubuhi vile vile nilivyomfundisha, na ili niamini akanyoosha mkono wake mzima hewani, akashika gia isiyokuwepo, akahesabu. Nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwake, pamoja na kile kipumzi changu cha mwisho. Juu ya kitanda chake kuna saa ya ukutani yenye mshale mwekundu. Moja yake ilichukua sekunde tatu.

Nilitoka pale nikarudi karakana, nikamwomba fundi wa zamu afungue oili ya giaboksi ya Bibi Harusi, ambaye bado tunaye hapa kwa safari ndogo ndogo. Oili inapaswa kuwa nyekundu, na ya Punda hadi leo ni nyekundu, imefifia tu. Ya Bibi Harusi ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, na kwenye sumaku ya chini kulikuwa na unga wa chuma mwingi kiasi kwamba fundi aliupangusa kwa kidole akanionyesha. Kamusi alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliinama akainusa oili ile mwenyewe.

Jana ndipo ikafika barua yako. Unaniandikia kwa furaha zako zote kwamba siku hizi gari lako linawaza kidogo kabla ya kuondoka, kama mzee anayetafuta fimbo yake. Kwamba kwenye kona ya tisa injini ilipiga kelele na gari likasimama pale pale, likatafakari, kisha likaenda, na mkunga akacheka hadi akashika mbavu. Kwamba kuna harufu kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Halafu ukaongeza, ili nisiwe na wasiwasi, kwamba kila asubuhi unahesabu kama nilivyokufundisha na hujawahi hata siku moja kufika mbili.

Mdogo wangu, hapo nilikaa juu ya tairi nikaisoma tena.

Sasa nifike pale ninapopaogopa kuliko kona ya tisa. Mwezi wa sita wa jaribio, asubuhi moja ya baridi, nilitia gia kwenye D nikahesabu moja, mbili, na tatu ilikuwa imenifika ulimini ndipo Bibi Harusi akashtuka. Ng'ambo ya uwanja Punda alikuwa amekwisha kuruka zamani. Nilijiambia nimehesabu kwa pupa. Kesho yake nikahesabu kwa utulivu kidogo, ikawa moja. Nakuapia, sikuandika namba ya uongo hata siku moja, kila nilichoandika ndicho kilichotoka mdomoni mwangu. Nilichofanya ni kuirefusha moja. Kila giaboksi ilipozidi kuchelewa, nami nikazidi kuingoja, kama mtu anayetembea na mgonjwa na kupunguza mwendo ili asionekane amebaki nyuma. Nililipenda gari lile. Nilikwisha kujigamba mbele za watu, na ukufunzi nilikwisha kuahidiwa. Miezi miwili baadaye nilikuwa sijui tena moja ya kweli ina urefu gani, na ndipo nikaletewa madereva kumi na wanne niwafundishe.

Kwa hiyo gari lako halikuchaguliwa na kaka yako hodari. Lilichaguliwa na mwongo, na kipimo unachokitumia kujilinda ndicho uongo wenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na mimi maradhi niliyoyaficha si yangu, nimeyagawa kwa watu kumi na wanne na wagonjwa wao.

Leo asubuhi nilimwambia mkuu. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Amechukua funguo zangu, na sitatoka nje ya geti hili hadi wakaguzi waje. Amenipa simu niwapigie madereva wote mwenyewe. Kumi na wawili wamepatikana na magari yao yamesimama. Mmoja amenitukana tusi ambalo nitakaa nalo muda mrefu. Mrefu yuko kitandani. Umebaki wewe peke yako, huko juu kusikofika mtandao, na redio yenu nimeiita tangu saa tatu haijibu. Uliniandikia kwamba betri yake imekufa, nami naendelea kuiita tu.

Kamusi anaondoka na Punda kesho alfajiri, na mvua isipofunga barabara atafika kwako jioni. Angeweza kukuambia haya kwa mdomo wake, lakini nakujua. Utasema ana wivu tangu Punda ashindwe, utamkaribisha chai, na Alhamisi utawasha gari. Ndiyo maana nimelazimika kukuandikia kwa mkono wangu na kujivua nguo mbele yako. Usiniamini mimi pia, siku hizi siaminiki. Azima saa ya mkunga, ile anayoibandika kifuani kuhesabia mapigo ya moyo. Mwambie asimame pembeni ya mlango, si mbele ya gari wala nyuma yake, aitazame wakati wewe umekanyaga breki na kutia gia. Hutahitaji neno lingine kutoka kwangu.

Na tayari nakusikia ukisema kwamba Punda anabeba abiria wawili na akina mama ni watatu, kwa hiyo mtaandamana, yeye mbele wewe nyuma, polepole. Hapana. Kamusi ataenda mara mbili. Mkunga achague nani aende kwanza. Punda atawarusha kidogo, na watamlaani, lakini atawafikisha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukicheza kujificha? Ulikuwa mdogo kuliko wote, miguu yako mifupi, na zamu yangu ya kuziba macho ilipofika nilikuwa nahesabu polepole ili upate muda wa kukimbia. Binamu zetu walilalamika kwamba nahesabu kama mtu anayetafuna kokoto. Nilifanya vile kwa mapenzi, na wewe uliingia kwenye vishimo ambavyo paka asingeingia, hukutoka hata giza likiingia, mpaka nije mwenyewe niite kwamba mchezo umekwisha. Hukuwa ukimwamini mwingine yeyote. Mama akiita hutoki. Binamu wakiita hutoki.

Mchezo umekwisha, Sisimizi. Ni mimi ninayeita. Shuka kwenye gari.

Msalimie mkunga, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kicheko chake cha kona ya tisa. Wasalimie akina mama watatu, ingawa hawanijui na sitamani wanijue. Mama nitamweleza leo jioni, na barua yako nitamsomea yote, hata pale uliposifu mafunzo yangu. Ukitaka kunijibu kwa hasira, jibu. Nitafurahi kuona mwandiko wako. Kesho Kamusi akitoka nitakaa hapa getini nikihesabu saa za safari yake, na nimekwisha kuazima saa.

Ni mimi, kaka yako,
ambaye Alhamisi usiku ataomba kusikia kwamba hukwenda popote.