Watu Wako wa Kutus

Wang'uru, 3 Juni 1978

Mpendwa Mama Gathoni,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ni mbu wa mashamba ya mpunga tu wanaotusumbua hapa. Mko wazima huko Tetu? Gathoni hajambo? Ng'ombe amezaa?

Lile jambo uliloniombea kanisani miaka yote limeanza kupata dawa. Nesi wa hapa aliniambia kuna watu walioacha pombe ambao hukutana Kutus kila Jumamosi, ila hakujua ni nyumba gani. Nikaenda. Nilizunguka soko nikiona haya kuuliza, mwishowe nikamuuliza muuza ndizi, "Mama, walevi hukutana wapi?" Akaninyooshea kidole kwenye baa. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu, na harufu inanijia. Ndipo mwanamke aliyekuwa akipita akanivuta koti. "Wewe unatafuta ile mkutano ingine. Hata mimi walinituma hapa. Kuja." Akanipeleka nyuma ya duka la Dawud, fundi cherehani. Tuliketi katikati ya suruali za watu, na kila mtu akasema yake. Hata mimi nilisema. Sijanywa tangu siku hiyo.

Mumeo,
Baba Gathoni


Tetu, 20 Juni 1978

Mpendwa Baba Gathoni,

Salamu zimefika. Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa ndume.

Nimefurahi kwamba hunywi. Hata mke wa mchungaji nimemwambia. Lakini huyo mwanamke wa kuvuta koti ana jina? Na ulisema nini huko katikati ya suruali za watu? Mimi nimekutoa mitaroni, nimekuvua viatu ukiwa umelala kama gogo, na asubuhi nikikuuliza una nini, jibu lako ni "hakuna". Kumbe maneno ulikuwa nayo, yalikuwa yanangoja Kutus.

Jambo lingine. Wazee wa akina Kingori watakuja Agosti na mahari, kwa ruracio ya Gathoni, nao wataleta muratina. Unajua desturi. Gathoni ataulizwa kama baba yake anywe pombe hiyo, na akikubali ataonja, kisha akupe pembe mkononi. Baba asipokunywa, amemkataa mkwe mbele ya watu. Fikiria utakavyofanya. Ukipata jibu, niambie mimi kwanza.

Mkeo,
Mama Gathoni


Wang'uru, 2 Julai 1978

Mpendwa Mama Gathoni,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi naendelea vizuri, na hata usingizi umerudi.

Mwanamke yule anaitwa Waridi. Alikuwa akipika chang'aa hapa Wang'uru, na mimi nilikuwa mteja wake. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Siku hizi hapiki wala hanywi. Yaliyosemwa kwa Dawud hubaki kwa Dawud, hiyo ndiyo sheria yetu, kwa hivyo usiniulize zaidi.

Habari ya pembe nimewauliza wenzangu. Wote wanasema hata tone nisionje.

Mumeo,
Baba Gathoni


Tetu, 24 Julai 1978

Baba Gathoni,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, nina wivu.

Nilikuambia uniambie mimi kwanza, ukaenda kuwauliza wao. Aliyekuuzia pombe ndiye sasa anakuuzia kuacha, na mteja ni yule yule mume wangu.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi mpaka Kutus. Nilijifunga kitambaa cha kanisa, nikajibanza chini ya dirisha la Dawud kama mwizi wa kuku. Nilitaka kuuona uzuri wa Waridi. Nikakuta ajuza anayemzidi mama yangu umri, na meno ya mbele hana. Ningepaswa kumshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Lakini ulisema kitu kwa sauti ya chini, yule ajuza akakujibu na ukacheka. Ulicheka kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu Gathoni hajazaliwa. Nililia mpaka stendi.

Angekuwa mrembo ningejua la kufanya, ningempiga. Sasa nitampiga nani?

Niambie ulichosema siku ile. Hutaki, basi kaa na watu wako wa Kutus, ndugu yako Mutahi atakaa mahali pako kwenye ruracio.

Mama Gathoni


Wang'uru, 3 Agosti 1978

Mpendwa Wakonyo,

Salamu. Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi. Sheria inafunga ya wenzangu. Yangu ni yangu, naweza kukupa.

Niliwaambia juu ya ruracio yetu. Kila Krismasi unawasimulia watoto jinsi nilivyosimama mbele ya baba yako nikasema maneno matamu, na ulivyonitazama ukimpa pembe. Mimi siku ile siikumbuki hata kidogo. Nilimwogopa baba yako, nikaanza kunywa kabla ya jua kutoka. Ukisimulia, mimi hucheka pale watoto wanapocheka. Ningekuambia vipi? Wale hawakuwa na cha kupoteza, wewe ungepoteza siku yako. Waridi ameniruhusu nikuambie alivyonijibu: afadhali mimi, maana yeye hakumbuki hata bwana arusi alikuwa nani. Ndipo nikacheka.

Ya Gathoni nataka kuiona nikiwa na akili zangu. Ukinikataza, sitakuja.

Ngatia


Tetu, 9 Agosti 1978

Baba Gathoni,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma katikati ya kahawa, nikaacha kuchuma. Nimekasirika mpaka mbuzi wananikwepa.

Nimekwisha sema na Mutahi na wazee. Gathoni atakupa pembe wewe, utaishika, kisha utampa Mutahi anywe kwa niaba yako. Mzee Gicheru alinung'unika, "Hiyo si desturi, Wakonyo. Pembe haishikwi na mtu bila kukunywa." Nikamuuliza desturi ya kumtoa mume mtaroni iko ukurasa gani. Akaomba chai.

Sasa nisikilize. Ulidhani sikujua? Ulimwita baba yangu shangazi. Ulilala kabla mbuzi hawajahesabiwa, na kaka zako wakakubeba. Yale maneno matamu niliyatunga mimi, ili watoto wawe na baba.

Njoo Ijumaa ya tarehe 18, kabla ya wageni. Nitakuketisha jikoni nikueleze siku ile yote ilivyokuwa, tangu asubuhi. Sijapata kumwambia mtu. Na wewe, Ngatia, usiwapelekee watu wa Kutus. Hiyo ni yangu.

Mkeo,
Wakonyo