Alama ya Ng'ombe kwenye Stata

Kongwa, Jumatano

Mwanangu Gideoni,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa. Matrekta ya karanga ya Wazungu yamekufa nayaona, njaa zimekuja zikaondoka zikaniacha, na madaktari wawili walioniambia niache ugoro nimewazika wote mimi. Kwa hiyo nikikuandikia jambo, lisome mpaka mwisho.

Hujambo? Anna na wajukuu wangu wanaendeleaje hapo Ipagala? Sisi huku tu wazima. Mguu unauma asubuhi, ukipata jua unanyamaza. Mtama umebeba, shida ni ndege tu. Dada yako Ruthu anakusalimu sana. Alitaka kuniandikia yeye barua hii nikamkatalia, darasa la nne la zamani si mchezo. Kukupigia simu nako sikutaka, maana ukikasirika unakata.

Jambo lenyewe ni hili. Ruthu ameniambia Jumamosi unakuja na yule rafiki yako askari, mumkamate fundi Mudrick kwa kuiba stata ya pikapu yangu. Sijazoea kuomba mtoto niliyemzaa, lakini nakuomba askari abaki hukohuko mpaka umalize karatasi hii. Nimempa kondakta wa basi aikabidhi mkononi mwako, na nimemwambia ikipotea nitamfuata mpaka stendi.

Unakumbuka gari lilivyoanza kugoma. Unageuza ufunguo, linasema tak, basi. Majirani wamelisukuma mpaka wakawa wanajificha wakisikia mlango wangu unafunguliwa. Mwenye duka la spea huko mjini alinitajia bei ya stata mpya, nikamuuliza kama inakuja na gari lake. Mwingine akanionyesha iliyotumika, imetoka kwenye gari lililopinduka, akasema nikifika nayo nyumbani isipozunguka ni shauri yangu. Nikamwambia shauri yangu ninayo tayari, siihitaji ya kununua.

Ndipo nikaenda kwa Mudrick, yule kijana wa Kondoa mwenye gereji karibu na uwanja wa mnada, ambaye mkewe Munira anauza chai na chapati pale mbele. Mudrick akasema tusinunue kitu kabla hatujajua ugonjwa. Akapima betri, akasugua vichwa vya waya vilivyoota kutu, gari bado tak. Akasema basi stata itoke, ifunguliwe, maana mara nyingi kinachokufa ni yale makaa madogo ya ndani yanayopitisha umeme, nayo yanabadilishwa kwa hela kidogo, mwili wa stata unabaki uleule. Hata hiyo hela kidogo niliipunguza. Nilimbana mpaka akavua kofia akajikuna kichwa. Hapa Kongwa hakuna anayeniweza kwa bei, uliza.

Lakini mimi si mtu wa kuibiwa. Wote tunajua wako mafundi wanaobaki na stata yako nzima wakakurudishia mgonjwa wa mtu mwingine. Basi asubuhi kabla sijapeleka gari nililala chini yake na msumari na nyundo, nikaigonga alama yetu, ile babu yako aliyokuwa anawakata ng'ombe masikioni, mikato miwili na tobo katikati. Ng'ombe wetu walikuwa wanapotea hadi Mpwapwa wanarudi kwa alama hiyo. Nikasema stata nayo itarudi.

Nikaliacha gari gereji, nikaenda kliniki yangu ya macho. Niliporudi, ufunguo nusu tu, gari likanguruma kama limeshushwa melini leo. Nilijisifu mimi, fundi sikumsifu.

Wakati wa palizi likagoma tena. Tak. Sikwenda kwa Mudrick, nikaita fundi anayepita, wa Kibaigwa, kwa kuwa alitaja bei ndogo. Akaitoa stata akailaza juu ya gunia. Nikaigeuza, nikaimwagia mafuta ya taa, nikaifuta. Alama hakuna! Gideoni, damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikamfukuza yule fundi, nikaibeba stata begani mpaka gereji.

Sauti yangu unaijua. Nilimwambia Mudrick mbele ya watu wote kwamba ni mwizi, ameila stata yangu akaiuza Dodoma. Akajibu shikamoo mzee wangu, akasema stata niliyoibeba ndiyo ileile niliyomletea. Nikamwambia shikamoo yake akawape anaowaibia. Munira akaweka birika chini, akaniambia kwa adabu kwamba mumewe hajawahi kuingiza nyumbani hata nati isiyo yake. Mimi nikamjibu kuwa mke wa mwizi naye anashiba humohumo. Hilo nililisema. Halfani wa pancha alinishika mkono nikamsukuma. Jioni wenye magari mawili walikuwa wameshayavuta kutoka pale, na kesho yake Munira hakukaanga chapati, hakukuwa na wa kumuuzia. Ndipo nikakupigia simu wewe, nikaongeza na mengine ambayo hayakuwepo.

Sasa sikiliza. Yule wa Kibaigwa alikuwa ameshaondoka, stata imebaki nje ya gari. Kumlipa mwingine airudishe nikaona ni ujinga, nimeona watu wakifunga, nitafunga mwenyewe. Nikalala chini ya gari na spana. Nilipoinua uso, alama ya babu yako ilikuwa inanitazama. Mikato miwili na tobo katikati, safi kabisa. Iko kwenye dinamo, ile ya kuchaji betri.

Ni mimi niliyeigonga pale. Duara lenye waya na shaba ndani, mimi nikajua ndiyo stata.

Nilikuwa peke yangu. Ruthu alikuwa shambani, hakuna aliyeona. Nitakuambia na hili, maana ndilo lililonifanya nisilale. Nilitoka pale chini nikachukua tupa, nikarudi. Nilitaka kuisugua alama iishe, Mudrick abaki mwizi na mimi nibaki mzee. Nilishaigusisha tupa kwenye chuma. Nikamkumbuka babu yako, aliyekuwa akimkuta ng'ombe wa mtu zizini mwake anamrudisha mwenyewe kwa miguu. Nikaitupa tupa.

Nikafunga stata. Nilipokuja kwenye betri nikakuta kichwa cha waya kinacheza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natoa betri kusikilizia redio. Nikakaza. Gari likawaka mara moja. Stata ilikuwa nzima siku zote.

Siku ya mnada, watu wamejaa, niliendesha gari hadi gereji, mbuzi dume nyuma. Sikunong'ona. Niliyempakaza kwa sauti nilimsafisha kwa sauti ileile, nikasema Mudrick si mwizi, mwongo ni mimi, na nikawalaza wanaume watatu chini ya gari waione dinamo. Walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mudrick akakataa mbuzi, nikamwachia amefungwa mlangoni. Akasema safari ijayo nimkate na yeye sikio kabisa, ili nikitoka kliniki nijue fundi ni yuleyule. Nikacheka na mimi. Gari moja limesharudi pale, la pili bado.

Kwa hiyo Jumamosi njoo, lakini njoo na wanao. Ukitaka kuliuza gari langu kwa sababu ya aibu hii, tutazungumza kama watu wazima, nitakushinda.

Msalimie Anna, wape wajukuu mikono. Mungu awatunze.

Kama unaona nimeandika haya kumkinga mtu, mashahidi wapo. Yuko Halfani wa pancha niliyemsukuma. Yuko mzee Hamza, aliyelala chini ya gari na kanzu yake nyeupe. Na yuko Munira. Mumewe amenisamehe, yeye mpaka leo nikimsalimia anaendelea kumimina chai ya wengine. Muulize huyo kwanza. Hawezi kunipendelea.

Ni mimi baba yako,
Thobias Ndahani