Mwanasesere Mwenye Alama Pajini

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha mdogo wangu Amosi anayekusomea, kisha yeyote aliyekuwa anapita akakaribishwa akae asikilize. Mbukwa nyote. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa Mpwapwa imesaidia, au bado unashuka kitandani kwa kushika ukuta? Amosi aliniambia mvua zilikatika uwele ukiwa umefika magotini, na kwamba mwanzoni mto ulipojaa ulikula tena tuta la reli. Nimekuwa nikiwaza mmevuna nini. Usiniambie tu kwamba tunamshukuru Mungu. Niambie kama ghala lina kitu.

Mimi ni mzima, lakini nimechoka. Kwenye simu huwa nasema "mzima" basi, kwa sababu mtandao wa hapo Gulwe hausubiri mtu amalize sentensi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nina neno ambalo nisingeweza kulisema kwa simu, na nataka likufikie zima. Amosi, soma polepole, usiruke.

Unajua nilikuja huku Ujerumani kumtunza yule bibi mgonjwa, na alipofariki binti yake, Bi Renate, akanichukua kwenye karakana yake. Nilipokwambia ni kazi ya wanasesere ulicheka, ukauliza kama watoto wa huku wana midoli mingi kiasi hicho. Mama, hawa si wa watoto. Ni wa watu wazima. Wanawaweka kabatini nyuma ya kioo, wanawavisha hariri, wanaandikiana habari zao kama watu wanaoandikiana habari za wajukuu. Mtu akiwa na mwanasesere ambaye sura yake imefifia, au ilichorwa vibaya tangu kiwandani, anatutumia kichwa kwenye boksi nasi tunakichora upya kwa mkono.

Kwanza nafuta uso wote kwa pamba na dawa kama ile ya kuondolea rangi ya kucha, mpaka kichwa kinabaki kama yai. Napuliza vanishi isiyong'aa ili rangi ipate pa kushika. Navaa barakoa, na bado kifua kinawasha. Kisha nasaga chaki laini za rangi, napaka mashavuni kidogo kidogo, napuliza, nangoja ikauke, napaka tena. Nyusi nazichora unywele mmoja mmoja, kwa brashi ambayo unaweza kuhesabu nywele zake. Mkono ukitetemeka, nafuta naanza upya. Shingo inauma. Macho yanatoka machozi, na nikitoka kazini kila taa ya barabarani naiona ina ukungu. Huu ni mwaka wa nne.

Miezi michache iliyopita likaja boksi, na ndani yake mwanasesere mweusi. Wa kwanza kufika mezani kwangu, mama, mweusi kama sisi. Lakini uso! Midomo myekundu kama pilipili, macho meupe yamemtoka kama mtu aliyekabwa. Mwenyewe, mzee mmoja mstaafu anayekusanya wanasesere wa nchi mbalimbali, alikuwa ameandika: mrekebishieni vipodozi, nataka apendeze. Bi Renate alinikabidhi akitabasamu.

"Huyu ni wako, Penina. Nani atamjua kuliko wewe?"

Nami nilidhani hivyo. Nikachora mara ya kwanza, nikafuta. Mara ya pili, nikafuta. Mara ya tatu akasogea Danuta, mwenzangu wa kutoka Poland ambaye tunakaa meza moja, akamtazama, akasema, "Mzuri. Anafanana na wale wengine."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimechora mwanamke wa Kizungu nikampaka kahawia. Miaka minne nimejifunza nyuso zao, wekundu ukae wapi, kivuli kikae wapi, hadi mkono wangu ukasahau kwamba kuna nyuso nyingine. Nilikaa pale kitini na brashi mkononi nikasikia uchovu ambao hata nikilala siku mbili hauondoki.

Kesho yake nikafunga kile kitabu chetu cha mifano. Nikafumba macho, nikakutafuta wewe. Si wewe wa kwenye picha, ila wewe unapopepeta uwele nje, jua la saa tisa likikupiga upande mmoja. Nikakumbuka kwamba mwanga kwako hauji na wekundu mashavuni; unakaa juu ya mfupa wa shavu kama mafuta yaliyopakwa. Kivuli cha chini ya macho si cheusi, kina zambarau ndani yake. Mdomo wa juu umeiva zaidi, wa chini una uwaridi katikati. Na weupe wa macho yako si weupe, mama. Vumbi na moshi wa jikoni vimeutia rangi kama ya maziwa yaliyochemka sana. Basi nikasaga chaki ya zambarau na ya kahawia, nyeusi nikaiweka kando kabisa. Nyusi ya kushoto nikaipandisha kidogo kuliko ya kulia, kama yako unapomsikiliza mtu usiyemwamini.

Siku ya tatu uso ukafika. Nilimtazama, naye akanitazama, nikajikuta nimesema "shikamoo" kwa sauti. Danuta akauliza nimesema nini.

Kilibaki kitu kimoja. Nikachovya brashi, nikaiweka ile alama yako katikati ya paji la uso, lile kovu la mviringo ulilowekewa na bibi ungali mtoto, kama walivyowekewa Wagogo wengi wa umri wako ili macho yasiugue. Nililipaka tabaka tano, mpaka likang'aa kidogo kama ngozi iliyokwisha kupona.

Bi Renate akampiga picha, akamtumia yule mzee. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. Alisifu macho, alisifu midomo, alisema hajawahi kuona kazi ya namna ile. Ila, aliandika, kuna doa pajini. Liondolewe.

"Si doa," nilimwambia Bi Renate. "Ni alama. Mama yangu anayo."

"Najua, umenieleza. Lakini mwanasesere ni wake, Penina, si wetu. Na ni kazi ya dakika moja."

Nikachovya pamba kwenye dawa. Nikaisogeza hadi karibu na paji, mkono ukagoma.

"Siwezi," nikasema.

Hakunigombeza. Naye pia amechoka. Tangu mama yake afariki hajapumzika hata wiki. Alivuta kiti, akaichukua ile pamba mkononi mwangu, akafuta mwenyewe. Kweli haikufika dakika. Akapitisha chaki, akapuliza, pakawa laini kama vile hapakuwahi kuwa na kitu.

Nilikwenda chooni nikalia, na haikuwa kwa sababu ya Bi Renate. Mama, alichofanya yeye mimi nilikuwa nimeshakifanya zamani.

Amosi, ni hapa niliposema usiruke.

Mama, unakumbuka ulipokuja kunitembelea shule ya bweni, nikiwa kidato cha pili? Ulitoka Gulwe kwa miguu kabla jua halijapanda, na karanga za kukaanga na kopo la samli. Wenzangu walikuwa wamekaa barazani, wale wasichana wa mjini. Nilikukimbilia getini kabla hujaingia, nawe ukadhani ni furaha. Nikashika kilemba chako cha kitenge, nikakivuta chini mpaka kwenye nyusi.

"Kuna nini, mwanangu?" ukauliza.

"Jua kali, mama."

Siku ile kulikuwa na mawingu. Ulinitazama kidogo, halafu ukakiacha kilemba pale pale nilipokishusha. Na tangu hapo, kila ulipokuja shuleni, ulikuja umeshakifunga hivyo. Hukuniuliza tena. Hukumwambia baba. Hata siku ya mahafali yangu, kwenye picha ile iliyo ukutani, huonekani kuanzia nyusi kwenda juu. Watu wanadhani ndivyo unavyopenda. Ni mimi niliyekufunga.

Naomba unisamehe. Nimejaribu kulipamba hili ombi, nimechana karatasi tatu, na halipambiki. Nilikuonea aibu, na wewe ulijua, ukanifichia aibu yangu miaka yote hii. Nisamehe.

Ngoja nikumalizie habari za kazi. Wiki mbili baadaye yule mzee aliandika tena. Amempenda, anataka wengine wawili, uso ule ule. Bi Renate akaviweka vichwa viwili mbele yangu.

"Nitachora wengine wote utakaonipa," nikamwambia. "Lakini uso huu nitauchora na alama yake, au sitauchora."

Akavichukua, akampa Danuta. Danuta ni fundi kuliko mimi, na alikuwa na picha mbele yake. Alihangaika navyo siku nne. Midomo ilitoka vizuri, mashavu vizuri, lakini ukiwatazama hawakutazami. Mwishowe akavirudisha. "Huyu mtu mimi simjui," akasema. Bi Renate akamwandikia mzee kwamba haiwezekani, na mzee hajajibu tena. Yule wa kwanza yuko kwake kabatini, paji safi.

Mimi nimerudishwa kwenye kope na kucha. Nabandika kope, napaka kucha, nabandika kope, mpaka siku inaisha. Bi Renate hanitendei vibaya, ila haniletei tena boksi akitabasamu. Sijutii. Nimechoka tu, na kuchoka bila kujuta ni afadhali. Nimeomba likizo ya kuja nyumbani msimu wa kiangazi. Amesema atafikiria.

Nisalimie shangazi Damari, umwambie mlenda huku hakuna na nimeacha kuutafuta. Nisalimie mjomba Yoeli, fundi baiskeli wa pale stesheni, na mke wa Amosi, nasikia amejifungua salama. Mtoto mpeni jina bila kunisubiri. Mwalimu wa kwaya naye mwambieni bado naimba sauti ya pili, jikoni peke yangu.

Jumapili ukienda kanisani, mama, funga kilemba chako unavyopenda wewe.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Penina

Amosi, ukimaliza kusoma, barua hii usiirudishe mfukoni mwako. Mwachie mama.