Ramani ya Silanga

Jumamosi, 8 Machi 2025

Ramani yangu iko hewani! Imekubali! Bosi wangu Kavoi aliniachia kompyuta ya duka hapa Gatina kwa sababu leo hakukuwa na bango la kuchapisha. Alikuwa amesema mtu wa kuchora mabango ya kanisa hawezi kutengeneza ukurasa wa intaneti. Ngoja, nikamwambia. Programu ni ile ile ya kuchora. Kila nyumba ya mtaa wetu wa Silanga kiboksi, njia za manjano, choo za buluu. Ukibonyeza kiboksi, jina linatokea. Nikaisevu kama ukurasa, nikaipandisha — majina hayakuja! Karibu nilie. Kumbe folda moja niliiacha nyuma. Nikarudia. Sasa nabonyeza kwa simu: "Mama Wanza, makaa." Yuko mlangoni, nimemchora akicheka.

Nimeichora kwa sababu ya Mitchelle, jirani. Alipojifungua, ambulensi ilikuwa huko juu barabarani ikiulizia njia. Mtoto hakuishi. Sitaki kusikia tena mtu akiuliza Silanga unaingilia wapi.

Jumanne, 11 Machi

Mtu wa boda ameleta dawa ya jirani yetu Mzee Obonyo mpaka mlangoni bila kupiga simu! Nilimuuliza alijuaje. Akanionyesha ramani yangu. Mama Wanza naye analalamika nimemchora mnene.

Ijumaa, 14 Machi

Kastoma ameingia dukani, shati imepigwa pasi, ana flashi. Anataka karatasi kubwa, ile ya kubandika ukutani. Nikafungua faili.

Mungu wangu. Ni yangu! Rangi zangu. Njia zangu, hata kona nilizopinda kwa haraka. Majina ndiyo hakuna. Na kuanzia kwa dam, lile bwawa la chini, mpaka kanisani — nyekundu. Yote nyekundu.

Nikajifanya sijui. "Hizi nyekundu ni za nini, boss?"

"Zinatoka, zinabomolewa. Ziko karibu sana na maji." Hakuinua hata macho kwa simu yake.

"Na ramani mmetoa wapi?"

"Intaneti. Kuna mtu ameichora poa sana. Sisi tungehangaika huko kupima."

Poa sana!

Nikamvuta Kavoi pembeni, nikamwambia mimi hii sichapishi. Huko ni kwetu. Aliangalia ile faili, nikadhani ameelewa. Kisha akasema, "Mourine, sisi tukikataa anavuka tu barabara. Kuna duka ingine hapo." Akakaa kwa kiti yangu, akabonyeza mwenyewe.

Nilisimama hapo nikiangalia Silanga ikitoka kwa printa, safu kwa safu. Nyumba yetu ikatoka nyekundu.

Sikuaga mtu. Nimetembea mpaka nyumbani na sikumbuki njia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewaambia majirani. Afadhali wasikie kwangu.

Mzee Obonyo akalipuka — kumbe mimi ndiye niliyezunguka hapa na simu nikipiga picha za milango, watu wakinikaribisha chai! "Umewachorea njia ya kutufikia!" Ni kweli.

Mama Wanza akaomba simu. Akajitafuta, akajipata. "Na kwa ile yao, hapa wameandika nani?"

"Hakuna. Wametoa majina."

"Wametoa majina," akarudia polepole. Akanirudishia simu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Futa hiyo kitu!" Mzee Obonyo tena. Wengine wakaitikia, futa, futa. Kidole changu kilikuwa tayari kimeelekea hapo, haki. Halafu Mitchelle akauliza: "Akifuta, ambulensi itapitia wapi?"

Watu wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja. Sijafuta. Sijui kama nimefanya vizuri. Kwani kufuta kutasaidia nini, na karatasi wanayo?

Jumatatu, 17 Machi

Wamekuja! Sikuenda kazi. Naandika nikiwa ndani, mlango nimeurudisha.

Ni wanaume watatu na mkebe wa rangi nyekundu ya kuweka alama milangoni. Nimechungulia kwa tundu la mabati — wameikunjua ile karatasi juu ya gunia la makaa la Mama Wanza. Wanaigeuza huku na huku. Wamepotea! Kutoka juu kila kitu kiko wazi, lakini hapa chini ni ukuta na ukuta.

Mmoja anauliza kwa upole, dada na mama zangu, nani anajua kusoma hii ramani? Anasema kuna msichana wa hapa, wamesikia, ndiye aliyeichora. Akijitokeza hata kazi anaweza kupata. Yuko nyumba gani?

Namwona Mzee Obonyo amesimama, mikono nyuma. Mitchelle amekaa juu ya jeri-keni, mgongo kwangu. Mama Wanza anapanga makaa kana kwamba hajasikia. Majirani wote wako hapo, wote wananijua.

Anauliza tena, sasa sauti imepanda.

Hakuna hata mmoja aliyetaja jina langu. Bado.