Hema la Chakula cha Mchana katika Shule ya Msingi Birch Hollow

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Tamarack Falls, Minnesota
Ijumaa, 28 Januari 2022, saa 3:15 asubuhi

Jina: Verna Halvorsen. Umri: miaka 72. Kazi: msimamizi wa watoto wakati wa chakula. Makazi: Mtaa wa Spruce, Tamarack Falls.

Kwanza naomba radhi kwa kukaa kimya siku kumi. Nilipaswa kufika hapa siku ileile.

Mnamo tarehe 11 Januari, saa 12:30 jioni, nilihudhuria mkutano wa wazazi shuleni. Bi Colleen Bergstrom, ambaye binti yake Maren ana pumu, alitaka watoto wawe wanakula nje ili wasiambukizane korona. Bw. Duane Kettunen, mzazi mwenzake, alipinga.

"Nje, Januari hii? Mama Maren, hawa ni watoto, si samaki wa kugandisha!"

"Wewe mbona unashinda ziwani kutwa nzima na hugandi?"

"Mimi nina hema na jiko."

"Basi lilete hilo hema, tuone kama mdomo wako una kazi nyingine!"

Watu walicheka, na hivyo ikakubaliwa watoto wale ndani ya hema.

Tarehe 18 Januari, saa 5:30 asubuhi, Bw. Kettunen alisimamisha uwanjani hema lake la kuvulia samaki juu ya barafu, akawasha jiko la gesi ndani. Aliniambia mbele ya mwalimu mkuu: "Bibi Verna, mlango na matundu ya juu yabaki wazi. Jiko hili linataka hewa, la sivyo linatoa sumu." Nilimjibu kwamba nayajua hayo tangu kabla yeye hajazaliwa. Ni kweli. Marehemu mume wangu alivua juu ya barafu miaka arobaini, na matundu nilikuwa nikiyafungua mimi.

Saa 6:05 mchana niliingia na watoto tisa wa darasa la pili. Upepo ulikuwa mkali. Maren alikuwa akitetemeka hata kijiko kikagonga meno. Alisema, "Bibi, funga kidogo tu." Nilifunga zipu ya mlango. Kisha nilifunga na matundu, kwa sababu theluji ilikuwa ikiingia kwenye supu. Nilikusudia kuyafungua baada ya dakika tano.

Saa 6:20 Maren alisema kichwa kinamuuma. Nilimwambia ale kwanza. Dakika chache baadaye alianguka kutoka kwenye ndoo aliyokalia. Nilifungua mlango nikawatoa wote, yeye nikimburuta kwa kofia ya koti. Kabla gari la wagonjwa halijafika nilirudi ndani, nikayafungua matundu. Hakuna aliyeniona.

Wanane walirudi nyumbani jioni ile. Maren bado amelazwa, na hawezi kushika kikombe.

Bw. Kettunen amesema mahali pote kwamba huenda matundu hayakutosha. Hakunitaja. Nilimsikia Bi Bergstrom akimwita muuaji dukani, naye akainama tu. Nilikuwa nyuma yao, na mkate mkononi. Nililipa, nikaenda zangu.

Bi Bergstrom hajaamua kama ataniruhusu kumwona mtoto. Nimemwachia barua yenye haya yote. Atakapoamua, lolote liwalo, nitakuandikia, Sajini.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo, na ni ya kweli.

(Sahihi) V. Halvorsen

Maandishi ya ofisa: Shahidi alipofika kwenye zipu nilimsimamisha. Nilimwonya kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, nikamshauri angoje wakili. Alijibu: "Andika, kijana. Duane anakwenda mahakamani Jumatatu kwa kosa langu." Nimemsomea maelezo yote, naye hakubadilisha kitu.
Sajini R. Tollefson