Nukta Nne Nyekundu Shingoni mwa Draiva

Baba,

Salamu za kuuliza hali naziruka, maana jibu lake wewe na mimi tunalijua. Huku sote wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua. Mjukuu wako Rehema ameota yale meno mawili ya mbele, na anasema ni wewe uliyemtumia. Nimemwacha aamini hivyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba nimeduwaa. Wiki iliyopita nilitia chumvi kwenye chai ya mume wangu badala ya sukari. Issa akainywa yote, akashukuru. Hapo nikajua kwamba hata yeye anajiona ana kosa kubwa. Lakini la Issa ni dogo. Kubwa ni lako, Baba, nami sijui mtu aliyekwisha kuzikwa anagombezwa vipi.

Ngoja nilipange.

Uliporudi Nachingwea baada ya miaka yote ile ya kuwabebea watu mifuko ya gofu Dar es Salaam, wenzako walikuwa wamerudi na mabati. Wewe ulirudi na fimbo saba na draiva moja, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, yenye kichwa kama embe kubwa, uliyoachiwa na mgeni aliyekuwa anahama. Shangazi akakuuliza, "Ndiyo hizo tu, kaka?" Ukamjibu, "Na ujuzi." Shangazi akauzunguka mzigo wako mara mbili, eti anatafuta huo ujuzi ulipofungwa.

Ukalichukua shamba la karanga lililochoka, ukachimba mashimo sita, kila shimo ukalitia kopo la maziwa ya unga. Watu walidhani unatega panya. Wapo waliokuja asubuhi kuchungulia kama umepata.

Mimi ndiye niliyekufuata. Nilikuwa tayari mke wa mtu, mikono imekomazwa na jembe, na shida yangu ikawa hilohilo jembe. Jembe unalivuta kuja kwako. Linaanzia mbali, linakata udongo, linaishia miguuni. Na mimi draiva nikaipitisha vivyo hivyo, kutoka nje kuja ndani. Mpira ulianza vizuri, ukifika katikati kama umekumbuka kitu upande wa kulia, unapinda kwenda mikoroshoni. "Unalima, Somoe!" ulikuwa unapiga kelele. "Hapa hatupandi mihogo!" Na kila nilipoitazama draiva kwa jicho baya ulisema, "Usiisingizie fimbo."

Kisha, ghafla, mpira ukanyooka. Hivihivi tu. Jumatatu ulikuwa unapinda, Alhamisi ukaenda mbele moja kwa moja mpaka nikadhani nimepiga wa mtu mwingine. Nilikurukia shingoni. Ukasema, "Si nilikwambia ni mikono?" Ukageukia upande wa pili. Nilidhani unaficha machozi.

Sasa najua ulichokuwa unaficha.

Baada ya arobaini yako, Mama Chitanda wa Ruangwa alinitumia ujumbe. Ni mwenye nyumba ya wageni, mama mpana wa mwili na wa sauti. Wageni wake siku hizi wengi ni watu wa machimboni, jioni hawana pa kwenda. Basi amesafisha eneo nyuma ya nyumba, anatafuta mwalimu wa gofu. Amesikia kwamba Nachingwea yuko mwanamke ambaye mpira wake unakwenda kama umefungwa uzi. Nije Jumamosi, nipige mbele ya watu, wakiridhika kazi ni yangu.

Kazi, Baba. Ya hicho hicho ulichonifundisha. Msibani kwako mtu aliniuliza, tena mdomoni ana wali, "Sasa hiyo mipira ya mzee utaiendeleza ya nini?" Nilimwongezea wali. Nikaona Ruangwa ndiko jibu liliko.

Nilivaa raba zako, nikazijaza soksi mbele. Draiva nikaifunga kwenye kanga. Kwenye gari jirani yangu akaitazama, akaniuliza kwa huruma, "Mguu?" Nikasema ndiyo, mguu. Kueleza gofu, njia ya Ruangwa haitoshi.

Wageni walikuwa wamesimama na buti zao, Mama Chitanda ameletewa kiti. Nikasimika mpira kwenye kijiti chake, nikavuta pumzi, nikapiga kama ninavyopiga siku zote.

Ukaanza vizuri. Halafu ukakumbuka.

Upande wa kulia pana shamba la ufuta, umekatwa, umesimamishwa mafungu mafungu ukauke. Mpira ukalipata fungu la kwanza kifuani. Bibi mmoja akachomoza katikati ya ufuta. "Nyie watu wa mipira! Nimelima peke yangu, nimevuna peke yangu, leo mnakuja kunipukutishia?" Nikapiga wa pili. Kulia. Wa tatu ulimfanya bibi ahame.

Mama Chitanda akasema, "Mwalimu, mbona mpira wako unapenda ufuta?" Watu wakacheka. Mmoja hakucheka, akawaambia wenzake polepole, "Mwacheni, dada ana msiba." Huyo ndiye aliyeniumiza.

"Njoo Jumamosi nyingine," Mama Chitanda akanimalizia. "Ukija na mkono huu huu, mama, usijisumbue na nauli."

Nilikwenda kumsaidia bibi kuokota ufuta. Ufuta hauokoteki, Baba. Nilikuwa natafuta tu sababu ya kuinamisha uso.

Moyoni nikasema, kumbe mkono wangu ulikuwa ni Baba. Amekufa, nao umekufa. Nilirudi Nachingwea nimeshaamini hivyo.

Nikamsimulia Issa. Akaacha kula. "Mama Rehema," akasema, "labda ni mimi."

Unamjua mkweo. Pikipiki ikifika gereji kwake, hata kama inakimbia vizuri, hawezi kulala mpaka alama ikae sawa na alama. Ijumaa, kabla sijakwenda Ruangwa, wakati niko kisimani, alitaka kunifurahisha, akaisafisha draiva. Akaubandua ule utepe mweusi wa umeme uliouzungushia shingoni. Wewe ulikuwa umeniambia, "Usiubandue, hapo kuna ufa." Issa akatafuta ufa, hakuna. Alichokiona ni kwamba chini ya utepe shingo ya fimbo ina meno: unalegeza skrubu kwa ufunguo, unaigeuza jino moja, unakaza, na uso wa fimbo unatazama kushoto kidogo au kulia kidogo. "Ya mzee ilikuwa imekaa upande, inatazama kushoto," akasema. "Nikaona mzee alipitiwa. Nikaisawazisha."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Yaani mimi navuta kulia, fimbo inatazama kushoto, wawili hao wanakutana katikati, na mimi napigiwa makofi. Miaka minne! "Usiisingizie fimbo, Somoe," na wewe ufunguo uko mfukoni. Watu wa Nachingwea wananiita mwalimu, na ufunguo uko mfukoni. Baba, niliwahi kumfundisha mtu mbele yako! Nilimwambia, "Tazama mikono yangu." Ukatikisa kichwa kukubali. Ulikubali nini?

Nikaenda kwenye kopo lako la kahawa, lile nisilowahi kuligusa. Ufunguo ulikuwamo. Na chini yake, chupa yangu ya rangi ya kucha.

Ile nyekundu. Niliyoinunua kwa ajili ya harusi ya Hadija binti Shangazi, ikapotea siku mbili kabla, nikasema mbele ya jiko zima kwamba bibi harusi ni mwizi. Ulikuwepo. Uliomba uongezewe pilau. Mimi na Hadija tumekuwa tukisalimiana kama watu wa benki tangu siku ile.

Nilikuwa nimeshika chupa, sijui nicheke au niirushe ukutani, Issa akasema, "Basi ndiyo hiyo rangi iliyoko shingoni. Nilidhani ya kiwandani."

Tukakitoa kichwa cha draiva. Kuna nukta nne, zimepangana, kila moja kwenye jino lake. Ya kwanza, iliyo mbali kabisa na alama ya katikati, imefifia, karibu kuondoka. Ya pili inaonekana kidogo. Ya tatu imekolea. Ya nne inang'aa, nayo imebakiza jino moja tu kufika katikati.

Sikuelewa. Kulipokucha nikaenda uwanjani kwako na ufunguo. Nikaiacha kwanza kama Issa alivyoiweka, katikati. Kulia, mikoroshoni. Nikaisogeza kwenye nukta ya kwanza, ile iliyofifia, nikisema moyoni sasa utanyooka, maana ndiko tulikoanzia. Baba, mpira ulikwenda kushoto! Ulipinda kushoto mpaka kwenye choo cha jirani. Nikapiga tena. Kushoto. Mkono ule wa kulima uliohitaji jino lile haupo tena. Nilitafuta kweli, hata nikajaribu kulima makusudi, nikashindwa.

Nikaiweka kwenye nukta ya nne. Ukanyooka.

Nikakaa chini kwenye majani makavu na raba zako.

Kwa hiyo hukuwa unanidanganya tu. Ulikuwa unanidanganya na kunirudishia. Kila nilipopona kidogo, wewe ulikuja kimyakimya na ile rangi ya harusi ya Hadija ukaondoa jino moja la uongo, mimi nikapiga vilevile, nisijue kwamba safari hii pana langu ndani yake. Ulinitoa mbali, ukanifikisha karibu na mlango. Likabaki jino moja.

Na hapa ndipo panaponikaba. Ile wiki uliyolazwa ulisema, "Niletee draiva." Nikakwambia, "Baba, hospitali hii, watu watatuonaje?" Ukasema, "Niletee tu niishike." Na mimi nikakufunika shuka mpaka kidevuni. Huenda ulitaka kuishika tu. Huenda ulitaka kunionyesha. Sitajua, na sababu ya kutojua ni kwamba niliwaonea haya manesi, ambao hata majina yao sikuyajua.

Nisamehe hilo. Mengine yote mimi ndiye wa kukusamehe wewe, nami nayafikiria.

Jumamosi ya pili nikarudi Ruangwa na nukta ya nne. Bibi wa ufuta alikuwa amekuja mapema, amesimama mbele ya mafungu yake na fimbo ya kuchungia. Nikapiga mitatu. Mitatu ikanyooka. Mama Chitanda hakupiga makofi. Akasema, "Wewe ni wewe. Mimi je?"

Akaletewa draiva yake. Iliachwa na mgeni mmoja, jitu, na ungeiona ungesikitika: ndefu, mpini mgumu kama wa koleo, uso umesimama wima hauinui mpira. Nimeligundua jambo hili kwa kuangalia, Baba: mwanamume akichagua draiva hachagui ya mikono aliyonayo, anachagua ya mikono anayotaka adhaniwe anayo. Sasa mzigo ule wa jitu umemwangukia Mama Chitanda, ambaye anapiga polepole, tena analima kama nilivyokuwa nikilima mimi. Akapiga. Kulia. Bibi akatukana kwa Kimwera, kwa kirefu.

"Unaona?" Mama Chitanda akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Miezi mingapi hii, mwanangu. Wananichekea kwenye uwanja wangu mwenyewe."

Nikasema, "Shika chini kidogo, vidole viwili chini ya hapo, hii ni ndefu kwako." Hilo nilisema wazi. Halafu nikasema, "Hebu niifute vumbi." Nikawageuzia mgongo, nikaifunika kwa kanga. Shingo yake nayo ina meno; ufunguo wako ukaingia bila kusita. Nikageuza meno mawili, uso ukatazama kushoto na kuinuka kidogo, nikakaza mpaka ufunguo ukalia tak, ule mlio niliokuwa nikiusikia nyuma ya nyumba na wewe ukisema unavunja korosho.

Akapiga. Baba, ukanyooka. Si mbali, lakini ukanyooka, ukapita mbali na ufuta, na bibi akapiga kigelegele. Mama Chitanda aliitupa fimbo chini akashika kichwa. "Umenifanya nini wewe?"

"Ni mikono yako, mama," nikasema.

Nikageukia upande wa pili.

Naanza kazi Jumatatu. Hadija nimemwomba radhi, nikampelekea chupa ikiwa imekauka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, akasema harusini kwake ulimtazama kucha ukamwambia amependeza hata bila rangi. Kweli wewe hukuwa na haya.

Basi nikuage, Baba, na nikuahidi. Mama Chitanda nitamrudisha jino kwa jino kama ulivyonirudisha, na siku atakapofika katikati nitamwambia kila kitu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa hai. Hapo ndipo nitakapokuzidi. Na lile jino langu lililobaki sitaligeuza kwa haraka ya kukuonyesha. Nitapiga kwenye nukta yako ya nne mpaka mpira uanze kunikimbilia kushoto. Siku hiyo nitaigeuza kwa mkono wangu, nitatia nukta ya tano, kwa rangi niliyoinunua mwenyewe, kisha nitakuja nayo hadi ulipolala, uishike.

Pumzika. Ufunguo ninao mimi.

Mwanao,
Somoe